Sura ya Tano: Kuaminiwa na Mtu Asiyekujua

Diff ni mji wa mpakani. Uko katika eneobunge la Wajir South, kaskazini mashariki mwa Kenya, na ng'ambo yake ni Somalia. Msafiri anayetoka Nairobi kwa gari huvuka daraja la Mto Tana kuingia Garissa, kisha hukata nyika kwa njia ambazo kiangazi ni mchanga na masika ni matope. Riziki ya huko ni mifugo: ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo, pamoja na maduka ya sukari, mchele, nguo na mafuta ya kupikia. Ndani ya mji wenyewe biashara haihitaji tangazo. Mnunuzi anamjua muuzaji. Asipomjua yeye, anamjua baba yake. Na asipomjua baba, hakosi kumjua mjomba. Deni hulipwa kwa sababu kila nyumba inajulikana.

Mambo hubadilika mnunuzi akiwa mtaa wa Eastleigh, Nairobi, au mwajiri akiwa kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa kule Gigiri. Huyo hamjui baba wala mjomba, na hatasafiri hadi Diff kuulizia. Atachukua simu, ataandika jina na kutazama kinachojitokeza. Asipoona kitu ataenda kwa mwingine aliyeonekana, hata kama ngamia wa huyo wamedhoofika au shahada yake ni ya chini zaidi.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli pale mnunuzi anapoweza kukishika. Mtu akiwa umbali wa siku nzima ya safari, chema nacho hakina budi kutembezwa, na kinachokitembeza ni ushahidi: jina lisilobadilika, picha za kweli, kazi zilizokwisha kufanywa, na watu wengine wanaoweza kuulizwa. Mgeni apewe akiwa kwake kile ambacho angekiona kama angefika mwenyewe. Mengine yote yanayouzwa kwenye semina kwa jina la kujijenga mtandaoni, kuanzia nembo za kumeta hadi kununua wafuasi, yanaweza kusubiri.

Ushahidi huanza na jina, na hapo Diff ina mtihani wake. Anayeandika "diff" kwenye Google huletewa programu ya kompyuta ya kulinganisha mafaili, iliyotungwa katika maabara za Bell kule Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambayo waandishi wa programu duniani kote wanaitumia hadi leo. Mji mdogo wa mpakani hauwezi kuishinda. Tena mji wenyewe huandikwa kwa tahajia mbili, Diff na Dif. Duka linalojitambulisha kuwa liko "Diff" na kuishia hapo limejificha. Linaloandika "Diff, Wajir South, Kenya" kila mahali, bila kubadili hata herufi, huonekana upesi, kwa kuwa wanaoyatumia maneno hayo yote kwa pamoja ni wachache mno.

Majina ya watu nayo yanataka uangalifu. Msomali hutumia majina matatu: lake, la baba na la babu. Akina Mohamed Abdi ni wengi Garissa, Wajir, Mandera na Eastleigh. Juu ya hayo, tangu Somalia ilipochagua hati za Kilatini mwaka 1972, jina lile lile huandikwa kwa njia mbili: Maxamed kwa tahajia ya Kisomali, Mohamed kwenye kitambulisho cha Kenya, vivyo hivyo Cali na Ali, Xasan na Hassan. Kijana ambaye cheti chake cha sekondari, KCSE, kinasema Mohammed, kitambulisho Mohamed, na Facebook Maxamed, amejigawa watu watatu. Afisa wa ajira akiwatafuta hatawaunganisha. Dawa yake haina gharama: majina yote matatu, kwa tahajia ya kitambulisho, kwenye kila ukurasa, na kando yake kazi na mji.

Na kwa mfanyabiashara, jina linalosomwa kuliko yote halipo Facebook wala Instagram. Lipo kwenye M-Pesa. Huduma hiyo ilianza Machi 2007, na sasa Mkenya amezoea kusoma jina la anayelipwa kabla hajaiaga pesa yake. Mteja wa Nairobi anayezungumza na "Diff Camel Milk" kwenye WhatsApp, kisha akaona pesa inaelekea kwa jina la mtu asiyemfahamu, husita, na ana haki ya kusita, kwa sababu matapeli wengi wametumia njia hiyo hiyo. Namba ya Till, ile ya kulipia dukani, iliyosajiliwa kwa jina la biashara, likilingana na la kwenye ukurasa, humtuliza zaidi kuliko picha kumi.

Kwa watu wa kaskazini mashariki, kudaiwa uthibitisho wa wewe ni nani ni jambo lenye historia chungu. Sheria ya kikoloni ya mwaka 1902 iliifanya wilaya ya mpaka wa kaskazini kuwa eneo lililofungwa, watu wakahitaji kibali kuingia na kutoka. Hali ya hatari iliyotangazwa Desemba 1963, wiki chache tu baada ya uhuru, iliondolewa 1991. Mwaka 1989 serikali iliwachuja Wakenya wenye asili ya Kisomali na kuwapa kadi ya ziada ambayo Wakenya wengine hawakutakiwa kuwa nayo. Kwa miongo iliyofuata, kijana wa Wajir aliyetaka kitambulisho alipitishwa mbele ya kamati ya ukaguzi, huku mwenzake wa Nyeri akienda kwa msajili moja kwa moja. Wengine walikuwa na mkasa mzito zaidi: miaka ya ukame wazazi waliwaandikisha kwenye kambi za Dadaab, kaunti ya Garissa, kama wakimbizi ili wapate mgao wa chakula, na alama za vidole zilizochukuliwa huko zikawazuia baadaye kutambuliwa kuwa raia. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia saini tamko la kuondoa ukaguzi huo wa ziada.

Hayo yanahusu moja kwa moja ukurasa wa biashara. Bila kitambulisho hakuna laini ya simu kwa jina lako. Bila laini hakuna M-Pesa. Bila hivyo eCitizen haifunguki, na eCitizen ndiyo mlango wa kusajili jina la biashara kwa Business Registration Service, kazi ambayo ada yake ni karibu Sh1,000. Jina lililosajiliwa hufungua akaunti ya benki, na humruhusu kijana, mwanamke au mtu mwenye ulemavu kuomba cheti cha AGPO, mpango uliotenga asilimia 30 ya tenda za serikali kwa makundi hayo. Mnyororo huu ukikatika mwanzoni, ushauri wote unaofuata katika sura hii unabaki maneno. Ndiyo maana kijana ambaye bado hana kitambulisho aende kwa msajili kabla ya kufungua ukurasa wowote.

Mtandao wenyewe nao haujawahi kuwa kitu cha kutegemewa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 841,353 Garissa, 781,263 Wajir na 867,457 Mandera, katika kaunti ambazo eneo lake ni kubwa kuliko nchi kadhaa za Ulaya. Kampuni za simu hujenga minara penye wateja wengi, na penye wafugaji wanaohama wateja huhesabiwa wachache. Kisha wanamgambo wa Al-Shabaab wameilipua minara mara kwa mara katika kaunti zote tatu, na mnara ukianguka mji mzima hunyamaza: simu, M-Pesa na WhatsApp, vyote kwa pamoja. Barabara ya Isiolo, Wajir hadi Mandera, inayojengwa kwa mradi wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2020, imepangiwa kubeba pia nyaya za faiba, lakini Diff iko mbali na barabara hiyo. Starlink, iliyoingia Kenya Julai 2023, imeleta njia nyingine kwa walio mbali na minara. Kwa vyovyote, mtu wa Diff apange mambo yake akijua kwamba siku nyingine hatakuwepo hewani. Ukurasa uliojaa maelezo kamili humjibu mteja hata wakati mwenyewe hana mtandao. Ukurasa wenye picha moja na maneno "piga simu" haumjibu mtu.

Mifano ya watu wa eneo hili waliojulikana mbali ipo. Abdullahi Mire alizaliwa Somalia, akakulia kambini Dadaab, akasomea Chuo Kikuu cha Kenyatta na kufanya kazi ya uandishi wa habari. Alipata makao Norway, akarudi. Msichana wa kambini alipomwendea kuomba kitabu cha biolojia, kwa kuwa darasani kitabu kimoja kiligawanywa kwa wanafunzi wengi, Mire alitoa wito kwa marafiki na kwa umma mtandaoni. Kazi iliyoanza hivyo, kupitia shirika lake la Refugee Youth Education Hub, imefikisha kambini vitabu 100,000 na kufungua maktaba tatu. Mwaka 2023 UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, lilimtunuku Tuzo ya Nansen ya dunia.

Watu husimulia habari hiyo kana kwamba mitandao ya kijamii ilifanya muujiza. Tazama vizuri kilichokuwepo kabla ya wito. Mire alikuwa na miaka ya kazi iliyochapishwa kwa jina lake. Aliyeona ombi la vitabu aliweza kumtafuta na kukuta taarifa alizoandika, hivyo akajua anatuma vitabu kwa nani. Wito ule ule ungetoka kwenye akaunti iliyofunguliwa juzi, isiyo na historia, ungepitwa tu.

Mfano wa pili unatoka kusini zaidi, Garissa upande wa Ijara. Hirola ni swala adimu ambaye porini wamebaki chini ya 500, wengi wao katika eneo hilo la mpaka wa Kenya na Somalia. Abdullahi Hussein Ali, mzaliwa wa Garissa, alimfanyia hirola utafiti wa shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Wyoming, akaanzisha Hirola Conservation Programme, na mwaka 2020 akapata Tuzo ya Whitley ya Uingereza. Anayemtafuta hirola mtandaoni, awe Tokyo au Toronto, hachelewi kulikuta shirika hilo la Garissa. Siri yake haifichiki: jambo moja, linalofanywa na watu wachache, limeandikiwa taarifa mwaka baada ya mwaka kwa jina lile lile. Wauzaji wa mtandaoni wanaojaribu kuwa kila kitu, leo viatu, kesho mashamba, keshokutwa tiketi za ndege, wangejifunza mengi hapo.

Dadaab kwenyewe kuna funzo jingine. Kambi za Dagahaley, Ifo na Hagadera zilianza kati ya 1991 na 1992, na vijana waliozaliwa humo wamekua bila ruhusa ya kutoka kwenda kutafuta kazi mjini. Kituo cha Biashara cha Kimataifa, taasisi ya Umoja wa Mataifa iliyoko Geneva, kilishirikiana na Baraza la Wakimbizi la Norway kuwafundisha kazi za mtandaoni: kutafsiri, kunukuu sauti kwa maandishi, kuingiza takwimu, kubuni michoro. Ujuzi walipata. Ugumu ukawa kazi ya kwanza. Kwenye majukwaa kama Upwork, mteja hutazama nyota za waliokutumia kabla yake, na asiye na nyota hapewi kazi, na asiyepewa kazi hapati nyota. Baadhi ya vijana hao waliungana wakaunda wakala wao, Dadaab Collective Freelancing Agency. Kundi lina jina moja, kazi ya mmoja inakuwa sifa ya wote, na mteja akikwama ana mahali pa kurudi. Hilo ni wazo la ushirika, ambalo wafugaji walilijua kabla ya intaneti. Wanawake wa ushirika wa maziwa ya ngamia wa Anolei, Isiolo, waliopeleka maziwa Eastleigh kwa basi, waliandikwa magazetini na kwenye ripoti za mashirika kwa sababu walikuwa kundi lenye jina. Muuzaji mmoja mmoja mwenye dumu lake asingeandikwa.

Sasa tushuke kwenye kazi ya mikono.

Chukua ngamia wa kuuza. Picha inayowekwa mara nyingi kwenye status ya WhatsApp ni ya kichwa cha mnyama, na nyuma yake kundi zima limesongamana kwenye vumbi. Mnunuzi wa mbali hana la kufanya nayo. Anachotaka ni picha ya ubavuni, mnyama amesimama peke yake, miguu yote minne ionekane, nundu ionekane, na mtu mzima asimame karibu ili kimo kipimike. Picha ya pili ni ya meno, maana umri wa ngamia husomwa humo. Ya tatu ni ya alama ya moto, ambayo ukoo wa mwenye mnyama huitambua. Kisha maneno machache: dume au jike, umri, jike amezaa mara ngapi na anatoa lita ngapi, chanjo aliyopata, bei, mahali alipo, na kama kibali cha afisa wa mifugo cha kusafirisha kimepatikana. Tarehe isisahauliwe. Soko la mifugo la Garissa ni miongoni mwa makubwa ya Afrika Mashariki, na bei yake hubadilika kwa mvua, kwa msimu wa Hija, na kwa habari za usalama barabarani. Tangazo lisilo na tarehe humfanya mnunuzi adhani ngamia aliuzwa zamani.

Maziwa nayo yana maswali yake. Mteja wa Nairobi aliyezaliwa Wajir huuliza kama chombo kilifukizwa moshi, kwa kuwa ladha hiyo ndiyo anayoikumbuka. Mteja asiyeijua huuliza kwa nini maziwa yananukia moshi, na akikosa jibu hudhani yameharibika. Sentensi moja kwenye ukurasa ingewaridhisha wote wawili. Muuzaji aeleze pia yalikamuliwa lini, yanasafiri kwa basi gani, yanafika saa ngapi. Muuzaji anayetumia madumu ya plastiki aseme anayaosha vipi, na mwenye makopo ya alumini ayaonyeshe.

Vyombo vya kufanyia haya ni vya bure. WhatsApp Business, iliyotoka 2018, ina sehemu ya katalogi ambamo bidhaa, picha na bei hukaa siku zote, tofauti na status inayofutika baada ya saa 24. Wauzaji wengi wanayo kwenye simu na hawajaigusa. Ina pia mahali pa kuandika saa za kazi. Anayefunga duka kwa sala ya Ijumaa aandike hivyo, ili mteja wa mbali asidhani amepuuzwa. Google nayo huruhusu mwenye biashara kujiweka kwenye ramani, akithibitisha kwa simu au kwa video inayoonyesha duka na mtaa wake. Katika miji midogo ya mpakani ramani hiyo bado ina nafasi tele. Kliniki, hoteli au duka la dawa za mifugo linalojiweka leo litakuwa ndilo linaloonekana kwa daktari, dereva wa shirika au mwandishi wa habari anayepanga safari kesho.

Lugha ichaguliwe kwa kufikiria nani anasoma. Mteja wa mtaani na ndugu aliyeko Minneapolis watafurahia Kisomali, hata kwa ujumbe wa sauti. Mnunuzi wa nyama wa Nairobi au Mombasa anataka Kiswahili. Shirika linalotafuta mtu wa kulisha semina ya watu 40 linasoma Kiingereza. Maelezo mafupi kwa lugha zote tatu ni kazi ya jioni moja, na wenyeji wa eneo hili wanazimudu zote. Ni utajiri ambao wengi hawaandiki popote.

Anayetafuta kazi afuate njia hiyo hiyo ya ushahidi. Ajira nyingi za eneo hili hutolewa na kaunti, na Tume ya Utumishi wa Umma, na TSC, tume ya walimu, na mashirika ya misaada ambayo hutangaza kwenye ReliefWeb. Maombi huenda mtandaoni. Hapo hutokea msiba ambao haupewi uzito unaostahili: barua pepe ya kijana ilifunguliwa na mhudumu wa saiba, kwa namba ya simu ya mhudumu, na nenosiri analijua mhudumu. Saiba inafungwa, laini inapotea, na mwaliko wa usaili unaingia kwenye sanduku ambalo hakuna anayelifungua. Anwani ya barua pepe ifunguliwe na mwenyewe, iwe na majina yake badala ya lakabu ya utotoni, ifungwe kwa laini iliyosajiliwa kwa jina lake, na nenosiri liandikwe kwenye daftari linalokaa nyumbani.

Kisha aandike alichofanya. Baada ya misimu mitano mfululizo ya mvua kufeli kati ya 2020 na 2022, vijana wengi wa Wajir na Garissa walipata vibarua vya kukusanya takwimu: nyumba ngapi zimepoteza mifugo, watoto wangapi wana utapiamlo, maji yako wapi. Kazi hiyo hufanywa kwa simu, mara nyingi kwa programu ya KoboToolbox. Ni kazi ya kitaalamu. Inataka lugha, uvumilivu, kujua njia za nyikani na kuheshimiwa na wazee. Lakini kwenye wasifu wa kijana utakuta "mchapakazi, mwenye kujituma, anayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo", maneno ambayo kila mwombaji wa Kenya ameyanakili. Tuseme badala yake ameandika kwamba Machi mwaka fulani alihoji kaya 60 katika kata mbili za Wajir South kwa Kisomali na Kiswahili, akatumia KoboToolbox, na msimamizi wake anapatikana kwa namba fulani. Mwajiri wa Gigiri akisoma hayo hahitaji sifa nyingine. Maelezo hayo yakae LinkedIn, yakae kwenye wasifu, na yafanane. Faili nalo lipewe jina la mwenyewe na kazi yake, maana mwajiri anayepokea mafaili mia mbili yaitwayo "CV mpya" hawezi kuyatofautisha.

Mtandao wa mpakani una hatari zake, na vitabu vingi vya kujitangaza, vilivyoandikiwa watu wa miji yenye amani, havizitaji. Novemba 2014 abiria 28 walitolewa kwenye basi lililotoka Mandera wakauawa. Oktoba 2011 wafanyakazi wawili wa misaada walitekwa Dadaab. Mfanyabiashara wa eneo hili asitangaze saa ambayo lori lake litaondoka, wala njia litakayopita, wala pesa alizouza siku ya soko. Picha ya safari iwekwe safari ikiisha. Mahali alipo kwa wakati huo asipaonyeshe. Mwanamke mwenye biashara atumie laini ya pili kwa wateja, ili usumbufu wa usiku usiifikie namba ya familia.

Picha za watu wengine nazo zina sheria. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, sura ya mtu ni taarifa yake binafsi. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza klabu ya Casa Vera ya Nairobi Sh1.85 milioni kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini, na shule ya Roma ya Uthiru Sh4.55 milioni kwa picha za watoto. Mwalimu wa duksi (chuo cha Kurani), mwenye kliniki au mwenye saluni aombe ruhusa kabla ya kupiga, na ya mtoto aombe kwa mzazi.

Na wapo wanaowinda watafuta kazi. Chambo chao ni kazi za Ghuba zisizo na mkataba, na barua bandia za UN zinazoomba "ada ya usajili". Umoja wa Mataifa hautozi ada katika hatua yoyote ya ajira. Wakala wa kupeleka watu nje lazima awe na leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, ambayo orodha yake iko mtandaoni na huangaliwa kwa dakika chache. Anayeombwa pesa kwa M-Pesa ya mtu binafsi ili "afungue faili" aache hapo hapo.

Lipo jambo moja ambalo kijana wa Diff hawezi kulifanya peke yake. Mashirika na idara za serikali huajiri mamia ya wenyeji kwa siku tano, kumi, mwezi, kisha huondoka na takwimu bila kuacha karatasi. Kijana amefanya kazi ya kweli kwa miaka minne na hana barua hata moja ya kuithibitisha. Barua ya ukurasa mmoja, yenye jina kamili, tarehe, kazi iliyofanywa, na barua pepe ya ofisi inayoweza kuulizwa, humgharimu msimamizi robo saa. Kaunti za Wajir, Garissa na Mandera ziiweke iwe sharti kwa kila shirika linalokuja kukusanya habari za watu wake, na kila kijana anayeajiriwa aiombe barua hiyo siku ya kwanza ya kazi, kabla msimamizi hajapanda gari kurudi Nairobi.